Stenti ya shingoni kwa mzee wa miaka 74, ni salama?

Swali: Dokta habari. Baba yangu ana miaka 74, wiki iliyopita mkono wa kushoto ulilegea ghafla na mdomo ukaenda upande, kama dakika 20 hivi akarudi sawa. Ultrasaundi imeonyesha mshipa wa shingo upande wa kulia umebana asilimia 80. Tumeambiwa stenti au upasuaji. Mzee anaogopa kisu. Stenti ni salama? Na haizibi tena?

Jibu: Pole sana dada, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Msijipe moyo kwamba karudi sawa, hizi siku za mwanzo ndo kiharusi kikubwa hupenda kuja, kwa hiyo mshipa ushughulikiwe ndani ya wiki mbili tangu siku ile.

Sasa stenti. Watu wanaipenda kwa sababu haina kidonda, waya unaingilia kwenye kinena, unapanda mpaka shingoni, wanatanguliza kichujio kama kimwavuli, puto linapanua halafu kile kiwavu cha chuma, ndo stenti yenyewe, kinabaki. Shida iko njiani. Kwa mzee mishipa imejipinda na ina chokaa, waya ukipita unaweza kung'oa vipande vikaenda moja kwa moja kwenye ubongo, na kimwavuli hakidaki vyote, tena vingine vinang'oka kabla hata hakijafunguliwa. Utafiti wa CREST wa Marekani na Canada (2010, wagonjwa 2,502) ulikuta kiharusi kipindi cha matibabu ni 4.1 kwa kila 100 waliowekewa stenti, na 2.3 waliopasuliwa. Mshtuko wa moyo ukawa kinyume, 1.1 kwa stenti na 2.3 kwa kisu. Na kuanzia kama miaka 70 kwenda juu upasuaji ndo ulitoa matokeo mazuri zaidi.

Kwa hiyo kwa mzee wako mimi ningeegemea kisu, labda kama moyo wake ni mbovu sana, au alishapigwa mionzi shingoni, au alishapasuliwa hapo, basi stenti inapata nafasi.

Kuhusu uoga, huo upasuaji unaweza kufanywa kwa ganzi ya shingo tu, mzee yuko macho anaongea, tunampa kimdoli cha mpira kinacholia akibonyeze kwa mkono wa kushoto, kikinyamaza tunajua ubongo wa kulia haupati damu ya kutosha (wazee wengine wanakifurahia kweli).

Kuziba tena kupo kote kote, CREST ilikuta kama 6 kwa 100 baada ya miaka 2, iwe stenti iwe kisu. Mkichagua stenti, aspirini na klopidogreli (dawa za kuzuia damu isigande) zinaenda pamoja angalau mwezi mzima, asiruke hata siku moja, kisha moja anabaki nayo maisha. Dawa ya kolestro na ya presha ni lazima njia yoyote mtakayochukua, na kama anavuta aache.

Halafu kabla hamjasaini muulizeni daktari bila aibu: kwa mwaka unafanya wangapi, na wangapi walipata kiharusi mezani?