Umebandikiwa notisi mlangoni? Anza kupiga simu leo

Juzi usiku wa manane msomaji mmoja aliye huku Marekani aliniandikia. Kodi ya miezi miwili hajalipa, mwenye nyumba ameshabandika mlangoni notisi ya kulipa au kuhama, na kampuni ya umeme nayo imetuma barua ya kukata. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, uso wangu niuweke wapi?" Nimeshamjibu faraghani, lakini najua wengi mnaosoma hapa mko kama yeye na mnanyamaza. Basi nawaambia nilivyovuka mimi.

Nilikuwa nahudumia mzee nyumbani kwake, shifti ya usiku. Familia yake ikamhamishia jimbo jingine, saa zangu zikabaki za wikendi peke yake. Kodi haikungoja. Notisi ilipokuja nilikwenda ofisi ya majengo kuomba muda, na meneja akaniambia kwa sauti, wapangaji wengine wakiwa wamekaa pale na watoto wao, kwamba kama siwezi maisha ya hapa nirudi nilikotoka. Nilichukua karatasi yangu nikatoka. Hadi leo nikikumbuka sauti ile tumbo linanikaza.

Kilichoniuma zaidi ni wetu wenyewe. Mzee mmoja tunayemheshimu aliniambia msaada ni wa wavivu, tena nitaitia aibu jumuiya. Nikamwitikia "ndiyo, mzee", nikaenda zangu kupiga simu. Nashukuru Mungu sikumsikiliza.

Nilianza na 211. Ni namba ya bure inayokuunganisha na mashirika ya eneo lako, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Wao wenyewe hawatoi pesa, wanakupa majina na namba. Nyingi kati ya hizo utaambiwa fungu limekwisha, piga tena mwanzo wa mwezi. Basi piga tena mwanzo wa mwezi, asubuhi, ofisi inapofunguliwa.

Hapa niseme kitu, maana naulizwa kila wiki kuhusu ile pesa ya wakati wa korona. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 25 za kusaidia wapangaji mwishoni mwa 2020, kisha bilioni 21.55 Machi 2021, na kuna waliolipiwa kodi na bili za zaidi ya mwaka mzima. Enzi hiyo imepita. Anayekwambia anaweza "kukujazia fomu" ya pesa hiyo kwa malipo kidogo ni tapeli. Kuomba msaada halali ni bure.

Iliyobaki ni mifuko midogo midogo: ofisi za Community Action, zinazosaidia wenye kipato kidogo na zilizotokana na sheria ya kupambana na umaskini ya mwaka 1964, pamoja na mashirika ya hisani ya Kikristo kama Salvation Army, Catholic Charities na St. Vincent de Paul. Hawaulizi dini yako. Kwa umeme na gesi kuna LIHEAP, mpango wa serikali kuu ulioanza 1981, ambao kila jimbo linauendesha kwa masharti yake. Ukishapata barua ya kukatiwa, uliza fungu la dharura la LIHEAP, kwa sababu hiyo barua inayokunyima usingizi ndiyo ushahidi wanaoutaka. Usiitupe. Halafu ipigie kampuni yenyewe uombe kulipa kwa awamu kabla tarehe haijafika. Majimbo mengi pia yana sheria ya kutokukata wakati wa baridi kali.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Mimi nilidhani watanipa kwa sababu nina shida. Mama wa shirika aliyenihoji alinisikiliza vizuri, akaweka kalamu chini, akaniuliza: "Sisi tukilipa mwezi huu, mwezi ujao utalipa na nini?" Nilikuwa na barua ya kazi mpya mkononi, ya kituo cha kulea wazee, yenye tarehe ya kuanza. Aliisoma mara mbili, na mazungumzo yakabadilika. Mfuko mdogo unatafuta mtu ambaye pengo lake linazibika. Kwa hiyo usiende na machozi peke yake. Nenda na mkataba wa nyumba, notisi, kitambulisho, hati za mshahara, na kitu chochote kinachoonyesha pesa ya mwezi ujao inatoka wapi.

Tena shirika moja mara nyingi halilipi deni lote. Linakupa barua ya ahadi: tutatoa kiasi hiki ukipata kilichobaki. Ukiwa na ahadi ya kwanza, la pili linakuamini haraka. Mimi niliunganisha ahadi za mashirika mawili na akiba yangu kidogo, deni likatimia.

Pesa haipiti mkononi mwako, inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, naye kwa kawaida hutakiwa kujaza W-9, fomu ya serikali yenye jina lake na namba yake ya mlipa ushuru. Yule meneja wangu aliikalia. Nilirudi ofisini kwake, nikakaa kwenye kiti kilekile cha wapangaji, nikamwambia nitangoja. Akaijaza. Jamani, heshima yako haiondoki kwa kuomba. Kilichonipa uchungu ni kuona jirani yangu, mtu wa nyumbani kabisa, akihama usiku na magodoro kwa sababu hakutaka mtu ajue. Angeniambia ningempa namba zote. Acheni kuogopa midomo ya watu, hawatawalipia kodi.

Na muda ni mfupi. California notisi ya kodi inakupa siku 3 za kazi kulipa au kuhama, New York ni siku 14. Notisi si amri ya kuhama. Amri hutoka mahakamani. Samansi, yaani wito wa mahakama, ikija, isome, ujibu kwa maandishi au ufike mahakamani kama inavyotaka, ndani ya muda wake, hata kama huna senti, kwa kuwa usipofanya hivyo mwenye nyumba anaweza kushinda papo hapo. Uliza msaada wa wakili wa bure. Jiji la New York lina sheria ya kuwapa wapangaji wakili wa bure tangu 2017.

Ukishalipiwa, dai karatasi ya ofisi inayoonyesha salio ni sifuri. Kama kesi ilikuwa imefunguliwa, pata pia nakala ya mahakama inayoonyesha imefutwa, kwa sababu mwenye nyumba wa baadaye ataikuta kwenye rekodi na atakuuliza.