Gari la Kulala Likiwa Uani: Maswali ya Wasomaji

Nina HiAce niliyoigeuza gari la kulala. Tunasafiri shule zikifunga. Siku nyingine zote limeegeshwa uani, watoto wamelifanya chumba cha kuchezea. Betri ya pili, AGM (aina ya betri ya risasi iliyozibwa) ya ampia-saa 100, imekufa mara mbili ndani ya miezi 18. Nyuma kuna friji ya lita 45, taa na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Fundi anasema niongeze betri nyingine. Mama watoto anasema niuze gari. Nimsikilize nani? — Msomaji, Arusha

Kwa sasa usimsikilize yeyote. Ukiongeza betri kabla ya kujua kilichoua hizo mbili, utazika tatu.

Anza na umeme unaovuja gari likiwa limesimama. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa. Weka mita ya fundi kwenye tundu la ampia 10, fungua kichwa cha hasi cha betri ya pili, kisha unganisha mita katikati ya kichwa hicho na nguzo ya betri. Usiwashe friji kubwa wala kupiga self mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Betri ya mbele, ya kuwashia injini, ikisoma chini ya miliampia 50 ni kawaida, kwa sababu ya king'ora na saa. Hii ya nyuma inatakiwa isome karibu na sifuri.

Tuseme umekuta 150. Hiyo ni ampia-saa 3.6 kwa siku, na baada ya wiki mbili betri yako imefika nusu bila mtu kuigusa. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke; ile iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi. Mshukiwa wa kwanza ni inveta iliyoachwa imewashwa bila kazi, maana kubwa kubwa hula nusu ampia au zaidi zikiwa zimekaa tu. Wanafuata soketi za kuchajia simu zenye vitaa vya kuonyesha volti, redio, na kifaa cha kufuatilia gari. Kwa upande wa watoto, dawa ni swichi kuu ya betri ya ampia 200, ifungwe mahali mkono wa mtoto haufiki. Kama una paneli ya sola, waya za kidhibiti chake zipite kabla ya swichi hiyo, zikiwa na fyuzi yake, ili paneli iendelee kuchaji hata ukizima umeme wote wa nyuma.

Betri ya risasi ikikaa nusu tupu kwa wiki nyingi, salfeti ya risasi hugeuka fuwele ngumu juu ya sahani zake. Baada ya hapo chaja itakuambia imejaa, lakini friji itaimaliza kabla ya usiku wa manane. Kwa hiyo pima kila wiki mbili, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ikifika 12.4, chaji. Chaja ya ukutani ya ampia 10 yenye hatua ya AGM hupanda hadi volti 14.4 au 14.7, halafu hushuka kwenye 13.6 hivi na kutulia hapo. Kama uani kuna jua la kutosha, paneli ya wati 100 inatosha kabisa kuitunza. Chini ya mwembe haitoshi.

Kisha angalia waya wa kutoka mbele, unaochaji betri ya nyuma injini ikiwaka. Magari mengi tunayoyaona yana waya wa milimita za mraba 6. Mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, zikibeba ampia 30, hupoteza karibu volti 0.9: oltaneta (jenereta ya injini) inatoa 14.2, nyuma inafika 13.3. Upotevu hupungua kadiri betri inavyojaa, ila safari ya saa tatu huisha kabla haijajaa. Weka waya wa 16, upotevu utashuka hadi volti 0.33. Fyuzi ya ampia 60 iwe kila mwisho, karibu na betri, maana waya huo una betri pande zote mbili. Fyuzi moja ya mbele haitazuia moto ukianzia nyuma.

Fanya hayo kwanza. Ukishayamaliza na friji bado inakulaza gizani, hapo ndipo urudi kwa fundi kuzungumzia betri ya ziada.

Paa linavuja kwenye bolti za keria. Fundi amepaka silikoni mara tatu na masika yanakuja. — Msomaji, Tanga

Maji hayadondoki chini ya tundu lake. Hutembea juu ya dari hadi yapate pa kutokea. Siku kavu, mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Anza chini ya paa, dakika tano kila sehemu, ukipanda polepole. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua lolote. Weka alama ya chaki.

Silikoni yote itoke. Hakuna gundi wala rangi inayoshika juu ya mabaki yake, ndiyo maana tabaka la pili na la tatu hayakusaidia. Na ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayoanzisha kutu kwenye chuma. Tumeona bati limetoboka chini ya silikoni inayong'aa.

Toa bolti, kwangua, piga msasa namba 80 hadi chuma kiwe cheupe, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Ikikauka, jaza tundu na mzunguko wake gundi ya poliyurethani, ile ya mafundi wa mabodi ya mabasi. Rudisha bolti na washa yake, kaza kidogo tu, acha siku nzima, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza mara moja gundi yote hukimbilia nje. Hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita tatu hivi kwa siku, kwa hiyo usikubali gari likabidhiwe jioni ileile.

Nimenunua trela ya kulala mwaka huu. Jirani anasema kabla ya baridi nimwage tangi la maji tu, inatosha. — Msomaji, Minneapolis, Marekani

Haitoshi. Tangi likiwa tupu, maji bado yamo ndani ya pampu, hita na viwiko vya mabomba, na yakiganda hutanuka na kupasua. Utagundua mwezi wa nne, sakafu ikiwa imelowa.

Zima hita, iache ipoe, toa presha kwa kufungua koki ya maji ya moto, ndipo ufungue plagi yake. Ukifungua ikiwa ya moto utaungua. Hita yenye fimbo ya anodi (inayoliwa na kutu badala ya tangi la hita), kagua fimbo: ikiwa imeliwa zaidi ya robo tatu, nunua mpya. Geuza valvu ili maji yaipite hita pembeni, la sivyo utajaza galoni 6 za dawa ya kuzuia kuganda bure.

Dawa iwe ile ya waridi ya propilini glikoli, ya mabomba ya maji ya kunywa. Ya injini ni sumu. Galoni 2 au 3 zinatosha. Chomeka mpira wa kuvutia wa pampu kwenye dumu, washa pampu, fungua koki moja moja, baridi kisha moto, hadi itoke waridi. Watu husahau bafu la nje, choo, na mdomo wa kuingizia maji ya bomba. Mimina kikombe kimoja kwenye kila tundu la sinki na bafu.

Betri ya lithiamu iingize ndani ya nyumba. Haichajiwi chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Chaja ikijaribu, huiharibu moja kwa moja. Ziba matundu ya chini kwa pamba ya chuma, maana panya nao wanatafuta pa kulala.

Maji ya tangi la lita 60 yananuka tukirudi kulitumia. — Msomaji, Nakuru

Mwaga yote. Changanya mililita 90 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato kwenye ndoo ya maji, mimina, jaza tangi. Fungua kila koki hadi usikie harufu ya klorini, acha usiku kucha, mwaga, suuza mara mbili au tatu. Kichujio cha mkaa kitoe kabla hujaanza, vinginevyo kitaimeza klorini yote na mabomba ya mbele yake hayatapata kitu.