Oto si oto tu, wadogo zangu

Jana asubuhi kijana wangu wa spana alirudi kutoka dukani na mkebe wa ATF nyekundu, Dexron III, yaani oili ya giaboksi ya oto ya kawaida, huku Nissan Note ya mteja iko juu ya jeki na sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, imeshafunguliwa. Ya nini? "Ya oto, mkubwa." Note hiyo ni CVT, oto isiyo na gia bali mkanda na puli. Nilifoka hadi mama wa chai akageuka, kisha nikamnunulia chapati, maana kosa hilo nimelifanya kabla hajazaliwa kwa spana.

1. Usiulize ni gari gani, uliza ni giaboksi gani. Hapa Nakuru Toyota Fielder zimejaa, na ndizo zilizonimaliza. Fielder ya modeli NZE141 ya oto ni CVT. NZE144, ile ya 4WD inayovuta magurudumu yote manne, ina oto ya gia nne. Kwa nje ni pacha. Wiki moja nilihudumia 144, iliyofuata akaja mwalimu wa Molo na 141. Kibati cha chasisi chenye modeli kilikuwa pale pale, sikukisoma. Nikamimina ATF iliyobaki. Mwalimu akapanda Salgaa na familia nyuma. Huko mlimani injini inalia, gari haliendi. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli za chuma, na oili yake imetengenezwa ili vyuma hivyo vishikane. ATF ni ya klachi za oto ya gia. Mkanda ukateleza, ukachuna puli. Sumaku za sampu zilikuwa zimeota ndevu za unga wa chuma.

Nami nikakana! Nikasema giaboksi ilitoka Japani ikiwa mbovu. Mwalimu hakubishana. Alitoa mkebe mtupu wa ATF aliouomba kwangu siku ile wa kuwekea mafuta ya taa, akanisomea maandishi yote, polepole, kama darasa la nne. CVT haikuwemo. Giaboksi ya mtumba niliilipa mimi, miezi 5.

2. Rangi haikuambii kitu. Ziko oili za CVT nyekundu.

3. Note E12 ya CVT inataka oili iitwayo NS-3, Honda Fit za zamani za CVT zinataka HMMF. Mkebe wa "magari yote", soma orodha ya nyuma.

4. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho. Toyota zenye dipstiki, kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, pima injini ikinguruma. Honda nyingi, zima kwanza.

Mwalimu bado huja. Hununua oili mwenyewe, huvaa miwani, na hafungui kifuniko mpaka nimsomee mimi kwa sauti.