Barua kwa mwanangu: watu saba wanafanya nini huko?

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo, baba yako anapogoa migomba na goti lake limepata nafuu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema lile shirika la mazingira la Arumeru limekupa nafasi, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara chini ya huo wa benki, na ofisi nzima ina watu saba. Ukaniuliza: "Mama, watu saba wanafanya nini hasa huko kijijini? Na wewe ulikaa miaka 19 kwenye shirika kama hilo kwa nini?" Kwa simu ningekujibu nusunusu, ndiyo maana naandika.

Nianze na kitalu cha miche cha shirika letu, maana ndiko nilikokuwa. Anayepita barabarani akiona miche imepangwa hudhani kazi ni kumwagilia tu. Mbegu za mgrevilea lazima uziwahi kabla vifuko vyake havijapasuka. Ukichelewa siku chache, upepo umeshazichukua. Udongo unauchanganya na samadi iliyooza, unajaza viriba, vile vifuko vya miche, na miche ikishakua unavinyanyua kimoja kimoja ili mizizi isishike ardhi ya chini. Usipofanya hivyo, siku ya kuhamisha unakata mizizi na mche unakufia mkononi. Halafu unapunguza kivuli kidogo kidogo mpaka mche uzoee jua. Na hesabu yote unaianza na mvua: mche uwe tayari masika yanapoingia Machi, au vuli ya mwisho wa mwaka.

Mwaka mmoja fedha za mfadhili zilichelewa, zikaingia mwishoni mwa Mei, na makubaliano yalitaka miche iwe imepandwa kabla ya Juni kwisha. Nilisema tusubiri vuli. Mkurugenzi wetu alijua nasema kweli, ila ripoti ilikuwa na tarehe yake. Tukapanda miche 8,000 vijiji vya chini, kuelekea tambarare, udongo umeshaanza kukauka. Agosti nilipita mashambani nikahesabu vijiti. Mama mmoja alinionyesha mashimo aliyochimba na watoto wake, akaniuliza amekosea wapi. Nililia njiani nikirudi.

Vuli ilipofika tulimpelekea miche mingine tukamwomba radhi. Mkurugenzi naye akamwandikia mfadhili ukweli wote bila kupunguza, akaomba kuanzia hapo tarehe za mradi zifuate mvua. Wakakubali. Barua ile ilihitaji moyo, kwa sababu mishahara yetu sote ilitegemea jibu lake.

Tulikuwa na kijana wa misitu, mwenyeji wa Singida, msomi na mchapakazi. Alipofika tu, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akamnyooshea mzee mmoja kidole mbele ya watu: mikaratusi yako iko kando ya mto, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60. Sheria aliitaja sawasawa. Mzee akachukua fimbo yake akaondoka, na ukoo mzima ukaacha kuja kwenye kikundi. Mfereji wetu wa maji ulipita kwenye shamba lake, kwa hiyo unaweza kufikiria.

Mzee mwingine, msimamizi wa mfereji, ndiye aliyemfundisha kijana. Alimpa jani la isale, wakaenda pamoja asubuhi kwa yule mwenye mikaratusi. Wewe unajua kwetu mtu akikujia na isale kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito. Wakakaa, wakanywa mbege, na mikaratusi haikutajwa siku hiyo. Wala mara ya pili. Mara ya tatu mzee mwenyewe akasema mikaratusi ile aliipanda ili auze nguzo alipie ada ya wajukuu, na akauliza atapata wapi fedha hiyo akiikata. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Waliikata kwa awamu, kila alipohitaji kuuza, na pale ilipotoka tukapanda mringaringa. Ilichukua miaka minne. Yule kijana siku hizi anasalimia kwa Kikibosho vizuri kuliko watoto wetu waliokulia mjini.

Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nadhani watakuweka kwenye fedha. Usidhani utakaa mezani. Mhasibu wetu alikuwa mwanamke mkali mwenye sauti ndogo. Samadi tulinunua kwa bibi ambaye hajui kuandika, mchanga kwa kijana mwenye punda, na wakaguzi wanataka risiti. Alitengeneza daftari lenye jina, kiasi, dole gumba la muuzaji na sahihi ya mjumbe kama shahidi, akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa kila mtu. Tena alibandika mapato na matumizi ya kila mradi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mpaka posho zetu. Sikupenda siku ya kwanza, nakwambia kweli. Ila ulipozuka uvumi kwamba tumekula fedha za mizinga ya nyuki, wanakijiji wenyewe walisimama kwenye mkutano mkuu wakasema nendeni mkasome ubaoni.

Dereva nisimsahau. Alijua kona gani huteleza masika, nani amefiwa, nani hasemi na nani, na kabla hatujashuka kwenye gari alikuwa ameshatuambia tuanzie nyumba ipi. Usiku wa mvua aliamshwa zaidi ya mara moja kupeleka wajawazito hospitali. Hakuna ripoti iliyoandika hayo.

Umeuliza kwa nini nilikaa. Bibi yako, mama yangu, alipanda kufuata kuni kwenye nusu maili, ule ukanda wa msitu ambao serikali ya mkoloni iliutenga mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao. Mimi nilimfuata nikiwa na miaka saba, na mzigo wangu mdogo. Watu wakaongezeka, vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vikagawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vikawa vipande, na mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mlima unahitaji ulinzi, mimi nakubali kwa moyo wote, maana maji yetu yanatoka huko. Lakini sufuria ya jioni nayo inahitaji kuni. Leo ukipita kwa jirani zetu, wanawake wanapogoa mgrevilea na mringaringa ndani ya vihamba vyao, kahawa iko chini kwenye kivuli, na kuni zimepangwa ukutani. Mingi ya miti hiyo niliishika ikiwa na majani mawili. Nikiona hivyo sijuti.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Mradi ukiisha kabla mwingine haujapatikana, mshahara unasimama. Mwaka wako wa kidato cha pili tulikaa miezi mitatu bila kulipwa, na ada yako ililipwa na maziwa ya ng'ombe wetu mmoja. Weka akiba ya miezi sita kabla hujaaga benki. Uliza kama michango ya NSSF inapelekwa kila mwezi, na usiridhike na jibu la mdomo.

Tena usisaini kabla hujaomba jambo moja: wakupeleke kijiji ambacho mradi wao uliisha miaka mitatu au minne iliyopita. Wakikupeleka kwenye mradi mpya wenye bango, shukuru, kisha uliza tena kile cha zamani. Ukifika, angalia kama miti ipo na kama kamati ya mazingira bado inakutana. Sikiliza watoto wakiona lile gari, wanamwita dereva kwa jina au wanamwangalia tu. Kaa na akina mama bila mtu wa ofisi, uwaulize nani huja kuwaona siku ambayo hakuna mkutano wala mgeni. Wakikutajia hata mtu mmoja kati ya hao saba, nenda ukafanye naye kazi. Wasipomtaja yeyote, baki benki, na mimi sitakulaumu.

Baba yako anasema ukienda Arumeru upitie nyumbani kwanza, kuna mkungu wa ndizi anakuwekea. Nipigie Jumapili baada ya misa.

Mama yako