Betri Mpya, Mota Imelegea: Umeme wa Boti Ndogo

Toleo hili tuna barua nne, zote za umeme wa volti 12 kwenye boti: tatu za Ziwa Nyasa, moja ya Mtera. Watatu kati ya waandishi wanalaumu betri. Betri moja tu ndiyo iliyokufa kweli, na hata hiyo imeonewa.

SWALI: Nina boti ya mbao ya mita 6. Nyuma nimefunga mota ya umeme ya volti 12, betri ya Ah 100 (ampea-saa 100) nimeiweka mbele ili boti isiinue pua. Betri ni mpya, nimeinunua Mwanjelwa, Mbeya, haijafikisha miezi miwili. Nikiweka kasi ya mwisho mota inalegea, na waya unapata moto mpaka unanuka. Fundi kaniambia betri ni mbovu, niirudishe dukani. Niirudishe? (Msomaji, Matema)

JIBU: Usiirudishe bado. Huo waya unaonuka umeshakupa nusu ya jibu.

Tafuta multimita, yaani mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Iache betri itulie saa mbili tatu baada ya kuitoa kwenye chaja, maana betri iliyotoka kuchajiwa hujidai: inaonyesha volti 13 na zaidi ambazo haina. Ikishatulia, 12.6 hadi 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 12.0 hapo imekwisha na usiende nayo ziwani.

Kipimo chenye maana zaidi kinachukuliwa mzigo ukiwa umewashwa. Ingiza boti majini, ifunge kamba, mwenzako awashe mota kasi ya mwisho. Pima mara mbili: kwanza kwenye betri, ncha za mita zikigusa risasi yenyewe (kile kichwa cha betri) na si kibano cha waya, kisha pale waya unapoingia kwenye mota. Ukikuta betrini 12.1 na kwenye mota 10.3, betri ni nzima, umeme unapotelea njiani. Ikiwa betri yenyewe imeporomoka chini ya 11 ilhali ulianza na 12.7, hapo rudi dukani ukiwa na namba zako mkononi.

Hujatuambia unene wa waya, ila waya unaouzwa zaidi ni ule wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba. Piga hesabu. Kutoka mbele hadi nyuma tuseme mita 4. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 8. Mota ndogo kwa kasi ya mwisho hula ampea 30 hivi. Waya huo utapoteza karibu volti 1.8, na wati 50 na ushee zinageuka joto ndani yake. Hicho ni kipasha risasi cha fundi redio, umekilaza kwenye mbao za boti. Waya wa milimita 16 za mraba kwa urefu huohuo unapoteza chini ya volti 0.3.

Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa sana, ni laini na nyuzi zake ni nyingi. Kwarua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, achana nayo. Kama pesa haitoshi, sogeza betri nyuma karibu na mota, na mbele weka mzigo mwingine wa kushikilia pua.

Usiache viungio. Mota ikiwa inazunguka, weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya betri na nyingine kwenye kibano chake. Panapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikipita volti 0.1 kiungio kina kasoro. Ukikifungua utakuta unga mweupe wenye ukijani. Tenganisha nyaya, hasi kwanza, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha baking soda, lakini yasiingie ndani ya seli. Kausha, piga msasa mpaka ing'ae, kaza nati, halafu ndipo upake grisi juu. Wengi hutanguliza grisi kisha wanashangaa tatizo limerudi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu haufai kwenye boti: unyevu unapita chini ya tepu, shaba inakuwa nyeusi. Tumia lagi ya shaba (kichwa cha waya chenye tundu la nati) iliyobanwa kwa koleo lake.

Fyuzi ya ampea 50 ikae kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betri, lakini baada ya kubadili waya. Fyuzi inalinda waya. Fyuzi ya 50 kwenye waya wa 2.5 ni pambo. Na kagua propela: mshipi au uzi wa nyavu ukijisokota nyuma yake, mota inakula ampea nyingi bila wewe kuona kitu.

SWALI: Sona ya kutafuta samaki inazimika kila nikipiga starta ya injini. Ikiwaka tena, kioo kinajaa mistari nikiwasha mota ndogo ya umeme. Sona mbovu? (Msomaji, Kyela)

JIBU: Nzima. Starta inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache, volti zinashuka hadi 10 au chini, na sona inajizima. Mistari inatoka kwenye mota: kidhibiti kasi chake kinakata na kuunga umeme haraka sana, na kelele hizo zinapita kwenye waya wanaochangia. Ipe sona betri yake. Inakula ampea 1 au pungufu, kwa hiyo betri kavu ya Ah 7 itaihudumia saa nne na zaidi. Weka fyuzi ndogo iliyoandikwa kwenye kitabu cha sona, na waya wa kihisi chake usilale sambamba na nyaya za mota.

SWALI: Taa nne za LED za wati 10 kwa ajili ya usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), betri ya gari Ah 50, sola ya wati 50. Zamani ziliwaka hadi asubuhi, sasa saa nane usiku zinafifia. Betri ina miezi minne tu. (Msomaji, Itungi)

JIBU: Hii ndiyo iliyokufa. Wati 40 ni ampea 3.3, toka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni Ah 33. Sola yako, jua likiwa zuri kwa saa tano, inarudisha Ah 14, na mvua za Kyela za Machi hadi Mei unazijua. Kila siku ulikuwa na deni, na betri ya risasi inayolala bila kujaa huganda salfeti kwenye sahani zake. Betri ya gari, tena, imeundwa kupiga starta, haikuundwa kutolewa theluthi mbili kila usiku. Chukua ya sola ya Ah 100, paneli za wati 150, kontrola ya chaji ya ampea 15 au 20.

Ukiongeza maji, ongeza baada ya kuchaji. Tumia maji maalumu ya betri (distilled water), si ya ziwa, na si asidi. Chupa hizo mbili zinafanana, soma lebo.

SWALI: Injini yangu ya kuvuta kamba ina nyaya mbili za taa. Nimeziunga kwenye betri, haipokei chaji. (Msomaji, Migoli, Mtera)

JIBU: Ziondoe leo. Kwenye injini nyingi za aina hiyo nyaya hizo hutoa umeme wa kupishana (AC), na betri inahitaji wa upande mmoja (DC). Nunua rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) yenye regyuleta (kidhibiti volti) inayolingana na injini yako, kisha pima betrini injini ikiwa kasi ya kati: 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ukiona 15 na kuendelea, zima.