Umemhesabia mumeo kila shilingi. Zako ziko wapi?

Bi M. wa Tabata,

Pole kwa uchovu, maana kurudi kazini ukiwa na mtoto wa miezi mitano anayekesha si jambo dogo. Malalamiko yako ni kwamba mumeo, mwalimu wa sekondari, amekuwa bahili tangu mtoto azaliwe, kwamba amekataa kulipa 150,000 kwa mwezi za kituo cha kulelea watoto, na kwamba anataka mama yake arudi kutoka Muheza amlee mjukuu. Unauliza kama huyo ni mume au mzigo.

Kilichonishangaza katika barua yako ni hesabu zake. Umeandika mshahara wa mumeo hadi makato ya mkopo, ukaandika kodi ya nyumba, umeme, pampasi na ada ya mdogo wake, vyote vikilipwa na yeye. Lakini mshahara wako wewe, unayefanya kazi katika ofisi ya bima, haukutajwa popote, isipokuwa pale ulipoteleza kusema kwamba mwezi huu umepokea mchezo, zile fedha mnazochangiana na kupokeana kwa zamu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umekwisha kuzaa, mwanangu, sasa unaficha nini?

Unanikumbusha kwamba sheria inamtaka mume amtunze mke. Ni kweli, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwajibisha mume kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa maelezo yako mwenyewe mumeo anafanya hivyo bila kukosa. Uwezo wa mwalimu una mwisho. Hakuna anayekunyang'anya mshahara wako, lakini mwanamke anayetaka kituo cha bei hiyo na hataki kuchangia hata senti ana lake jambo, nami nashuku kwamba ni fahari ya kusimuliana ofisini.

Wasichana wa kazi wawili wamekukimbia tangu urudi kazini, nawe unasema hawana shukrani. Huyo wa pili ulimkata 10,000 kwa sababu alivunja chupa ya chai. Mtu unayemwachia kiumbe wako kutwa nzima unamdai chupa? Angekuwa binti yangu, ningemwambia aondoke siku hiyo hiyo.

Tuje kwa mama mkwe, ambaye unadai "aliondoka mwenyewe" siku tisa baada ya kufika. Bibi aliyepanda basi kutoka Muheza na kapu la machungwa na kuku wawili hakuja kukaa siku tisa. Ukweli umeuandika chini kabisa ya ukurasa: alimpa mtoto maji ya kunywa, nawe ukamfokea mbele ya wapangaji wenzako. Katika hilo la maji haki ni yako, kwani kliniki zinafundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Lakini mzee huelezwa chumbani kwa upole, hatangaziwi kosa lake uani. Kumbuka pia kwamba ndiye aliyemlea huyo mwanamume anayelipa kodi ya nyumba bila kukumbushwa.

Basi fanya hivi. Mwambie mumeo unapata kiasi gani, pamoja na hizo fedha za mchezo, mkae na daftari moja mpange nani analipa nini, na hapo ndipo mtakapojua kama kituo mnakiweza au hamkiwezi. Kazini, uliza muda wa kunyonyesha: likizo yako ya siku 84 imekwisha, lakini sheria ya kazi inamtaka mwajiri akuruhusu hadi saa mbili kwa siku, na sioni popote kwamba umewahi kuziomba. Binti aliyeondoka mtumie 10,000 zake. Kisha umpigie simu mama mkwe wewe mwenyewe, bila kumtuma mumeo, umwombe radhi kabla hujamwomba arudi; na akikubali, nauli itoke kwenye mchezo.