Milt ama Gary

Mwanangu,

Ati kati ya Milt Jackson na Gary Burton, wale wapigaji vibrafoni wa jazz, nani mkali. Meseji yako nimekaa nayo tangu juzi, na kabla sijajibu lazima tuongee mambo ya mota. Vibrafoni ni vyuma vya alumini unavigonga kwa fimbo, chini yake mabomba, na kwa kila bomba kuna kisahani kinazungushwa na mota ya stima, ndio ile sauti inayumba. Lionel Hampton, yule alirekodi nayo na Louis Armstrong 1930, alikuwa anaizungusha mbio. Milt akapunguza mwendo mpaka noti ikaanza kupumua. Na noti lazima ipumue, hiyo nimekuimbia tangu uko nasari.

Sasa ile harusi ya shangazi yako Nakuru, hujazaliwa bado lakini ile hadithi ya keki unaijua. Kuna nusu ingine hukuambiwa. Bendi ilikuwa na jamaa mgeni wa vibrafoni, anapiga staili ya Milt, polepole, na stima ikapotea katikati ya wimbo. Gitaa kimya, kinanda kimya, maiki kimya, yeye huyo anaendelea! Vyuma vinataka stima ya nini, ni mota tu ilisimama, kwa hivyo sauti ikanyooka, safi, na mguu wake kwa pedali anaachilia noti ama anaikata. Hata baba yako mdogo alinyamaza, na unajua huyo. Nilisahau sahani ya pilau mkononi.

Hivyo ndivyo Gary alikuwa anapiga kwa kupenda kwake, mota imezimwa, fimbo nne, mbili kila mkono, anakupatia noti nne pamoja kama mtu wa piano. Kwa hivyo bila mota noti bado inapumua? Inapumua, na hapo ndipo nimekwama. Lakini Milt na fimbo zake mbili tu, ile blues ya Detroit na kanisa ndani yake, Gary angetoa wapi... hapana, hiyo si haki, Gary naye ana yake.

Kinachoniuma ni jenereta. Iliwaka, ukumbi mzima ukapiga makofi, nikadhani ni ya yule jamaa, kumbe wanashangilia taa! Akainama akawasha mota yake tena.

Nani mkali sisemi. Ungenibana ningesema Milt, lakini hujanibana.

Baba